Sala ya Bia ya Watawa

Leo nimejivua nguo mbele ya mama mkwe. (Si nguo za mwilini. Afadhali zingekuwa hizo.)

Wacha nianzie asubuhi. Kaka yangu Musyoka ni dereva wa familia moja ya wageni, na hiyo familia imehama. Wakamwachia chupa kubwa, nyeusi, kizibo kimefungwa na waya kama cha shampeni ya arusi. Musyoka ameokoka, pombe hagusi. Basi akaileta kwangu, mtaa wa Mbotela, akaiweka mezani.

"Ni bia ya Ubelgiji," akasema. "Mtindo wa watawa. Wanaipika na matunda."

"Matunda gani?"

"Si unaona? Cheri."

Kweli, kwenye karatasi ya chupa kulikuwa na mtawa mnene anatabasamu, cheri nyekundu zimemjaa mikononi. Matunda na mtu wa Mungu. Jamani, ubaya uko wapi?

Mume wangu, Wekesa, alikuwa ameenda kumpokea mama yake kutoka Bungoma. Mimi nilikuwa nasukuma chapati, jikoni joto balaa. Nilikuwa nimeshamaliza kazi ya kila ziara: kuvitoa vitambaa vya mama chini ya kitanda na kuvitandika. Mnavijua. Vya kufuma kwa mkono, vya mgongo wa kochi, vya meza, na kimoja cha televisheni. Alituletea tulipooana. Kijani kama sabuni ya kipande. (Msinihukumu. Hamjaviona.)

Nikafungua chupa nionje tu. Povu likaruka hadi sakafuni. Rangi ni ya chai ya rangi iliyokolea, na inanukia zambarau, karafuu na mkate wa moto. Nikaonja. Tamu! Halafu uchachu kidogo kama wa ukwaju, halafu kitu cha joto kikashuka kifuani taratibu, kikaketi, kikavua viatu. Mimi nilidhani bia zote ni chungu. Hii ilikuwa inanibembeleza! Nikajaza kikombe. Nikasukuma chapati mbili. Nikajaza tena. Chapati zikaanza kutoka na pembe. Sikujali, nilikuwa naimba.

Kumbe imeandikwa kilevi asilimia tisa, herufi ndogo kama sisimizi. Nimezisoma jioni hii. (Bia ya kawaida ni kama nusu ya hiyo. Na mimi hata hiyo ya kawaida siijui.)

Wakafika. Mama akanikumbatia. "Mwende, uso unang'aa!"

"Ni jiko, mama."

Wekesa akaniangalia. Akaangalia chupa tupu kando ya sinki. Akafungua mdomo, lakini alichelewa. Mama alikuwa ameshaketi mezani, anasema, "Leo mwenye nyumba atuombee chakula. Mwende, omba wewe."

Mimi huwa naomba kwa kunong'ona. Leo nilisimama kama askofu.

"Baba, tunakushukuru kwa kuku. Tunakushukuru kwa mama, aliyesafiri mbali kuja kutuona."

"Amina," mama akasema. Hiyo amina ndiyo iliyoniponza.

"Ibariki mikono yake, Baba, iliyotufumia vitambaa hivi. Ni wewe tu unayejua tunavyovitandika akikaribia kufika, na kuvirudisha chini ya kitanda akiondoka. Tusamehe. Lakini Baba, ile kijani! Wewe uliyeumba majani, unaona kabisa ile si kijani!"

Wekesa akakohoa. Nikadhani ameguswa na Roho. Nikaendelea.

"Na panya aliyetafuna cha televisheni, Bwana, msamehe..."

"AMINA!" Wekesa akapaza sauti.

Nikafumbua macho. Mama alikuwa ameyafumbua yake kitambo. Mkono wake ulikuwa unapapasa kitambaa cha meza. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ni kijani?" akauliza. "Mimi nilimwambia mwenye duka anipe uzi wa rangi ya maziwa. Macho yalikuwa yameshaanza kunisumbua."

Nikajaribu. "Mama, nisa..." Kwikwi ikanikata. Nikajaribu tena. Kwikwi tena! Tukala, mimi nikipiga kwikwi kama saa ya ukutani.

Alipomaliza kula alivikunja kimoja kimoja, hata kile cha panya, akavitia kwenye mkoba. Akamwomba Wekesa ampeleke Makadara kwa binti yake, Nafula. Mlangoni akanishika bega. "Mwanangu, lala kidogo." Kwa upole kabisa. Hapo ndipo nilipolia.

Wekesa aliporudi alinikuta kitandani. "Wenzako huenda kuungama kwa watawa," akasema. "Wewe umeungama kwa bia yao." Hakutabasamu. Nami nilijua amekaa na mama yake njia nzima bila la kumwambia.

Nimepiga simu. Imeshikwa na Nafula: "Mama amepumzika." Dakika chache baadaye akanitumia picha. Vitambaa vyote, vimenyooshwa, viko kwenye kochi lake. Chini ameandika: "Asante wifi. Vimependeza."

Na mnajua kibaya ni nini? Kweli vimependeza. Kochi langu sasa liko kama kuku aliyenyonyolewa.

Kesho naenda Makadara kupiga magoti. Nitaomba msamaha tu. Chakula aombee mtu mwingine.

Tafadhali msicheke. Mkishindwa, chekeni polepole, kichwa kinanipasuka.