Siku Mma Sanatu Alipokunja Mikono ya Gauni

Sogeeni, enyi mliojaliwa kucha na ngozi ya kuzikwaruzia, msikie vita vya Mma Sanatu wa Tamale, mkaanga bagia za kunde ziitwazo koose, malkia wa karai, mshinda moshi, ambaye kwa miaka sita jeshi la mabaka yenye magamba lilipiga kambi katika ngome mbili za viwiko vyake.

Kila harmatani ilipovuma na kukausha hata mate kinywani, jeshi lile liliamka. Akalishambulia kwa dodoki, kwa limau, kwa sabuni ya kufulia; na kila alipolishambulia, likazidi. Akalifunika kwa mikono mirefu ya gauni, hata wateja wakanong'ona, na mmoja mmoja wakahamia kwa mkaanga koose wa ng'ambo ya barabara.

Ndipo akamwendea muuguzi Wumpini, naye akanena: "Mama, huu si ukoma, wala huambukizi mtu. Hauishi, ila hutulia. Paka dawa hii, na mafuta ya shea kila ukitoka kuoga. Dodoki tupa. Lala vya kutosha, na ugomvi wa mawifi zako waachie wenyewe. Tena usikune."

"Nisikune? Mwanangu, wewe hujawahi kuwashwa."

"Ukizidiwa, weka kitambaa cha maji baridi."

Wiki nane akashika amri. Magamba yakalainika, mabaka yakabaki. Na Ijumaa moja, karai likichemka na foleni ikitazama, shujaa akakunja mikono ya gauni hadi mabegani.

Mzee Neindow, mwalimu mstaafu, akapaza sauti: "Sanatu, viwiko hivyo vimeliwa na nini?"

Saa hiyohiyo adui akavamia kiwiko cha kushoto kwa mwasho wa moto. Mma Sanatu akauma meno, akageuza koose moja, akageuza ya pili.

"Ngozi yangu ina haraka ya kuota, Mwalimu. Haiambukizi. Ingekuwa inaambukiza, wewe ungeshapata; miaka sita unakula hapa, tena unaomba nyongeza."

Watu wakacheka. Mzee akajikuna kidevu, akanyoosha kiganja kitupu, bila karatasi ya kufungia.

"Basi nipe tano. Na nyongeza."

Akazipokea mkononi mwake, akala palepale mbele ya wote, na foleni ikasogea.

Na iandikwe, vizazi visome: Ijumaa ile, toka karai la kwanza hadi la mwisho, Mma Sanatu hakukuna kiwiko cha kushoto. Cha kulia alikikuna mara moja, kidogo sana, na sisi waandishi wa historia tulikuwa tunatazama kwingine.