Mlango Uliokwenda Bunju Kumsalimia Bibi

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya darasa la nne zima. Hata chai haijashuka.

Hapa shuleni kwetu Keko nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi, na mie naitaka. Mwalimu mkuu aliniambia tangu juzi: mthibiti ubora (yaani mkaguzi wa shule) anakuja, atakaa kwenye kipindi chako cha ufahamu, ukifanya vizuri nafasi ni yako. Basi nikavaa kitenge kipya. Ubaoni nikaandika lengo langu kwa mwandiko wa kadi ya harusi: "Mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kuelewa habari." (Lengo hilo ninalo tangu nianze kazi. Nabadilisha tarehe tu. Walimu wenzangu msijifanye watakatifu, tunajuana.)

Mthibiti akaingia, mzee mpole wa miwani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa nyuma na mwalimu mkuu.

Tukasoma habari ya fundi aliyetengeneza mlango kwa mbao mbichi, ukapinda. Watoto wakasoma kwa zamu, safi kabisa. Nikafunga kitabu.

"Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Nikamgeukia mgeni, meno yote nje.

"Mwalimu, umejuaje kwamba wameelewa?"

"Si umewasikia, mzee?" (Huu mdomo wangu! Huu mdomo!)

Mzee akainuka, akaja mbele taratibu. "Watoto, baadaye ule mlango ukala ugali, ukapanda bajaji, ukaenda Bunju kumsalimia bibi yake. Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Darasa zima! Na nusu yao baba zao ni maseremala! Mwalimu mkuu akaanza kukohoa kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho.

Mara mkono mmoja ukanyanyuka. Zuhura. Huyu mtoto hakosi swali, ananichosha kila siku.

"Samahani babu, kwani mlango una bibi?"

Na mie, kwa mazoea tu, nikafoka: "Zuhura! Kaa chini, usitutie aibu!"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, huyo uliyemkalisha ndiye peke yake aliyefikia lengo lako."

Nje akaniambia kwa upole, kuelewa hakuonekani kwa macho. Niandike kitu ambacho mtoto atakifanya nikakiona: aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini mlango ulipinda. Anasema kweli, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi. Miaka yote hii nimekuwa napima sauti!

Nafasi kapewa mwalimu wa hisabati. Nimeingia ofisini kunywa maji, akaniuliza kwa sauti ya kengele, "Tumeelewa?" Ofisi nzima ikaitikia.

Kesho naanza na Zuhura, nitamwomba radhi mbele ya wenzake. Nyie chekeni tu. Ila atakayeandika "tumeelewa" hapo chini, namwambia mapema, namblock.