Mfupa Chooni kwa Shemeji

Ijumaa, 6 Juni

Nimefika kwa dada. Nimefika na aibu mkononi. Kopo la asali nililomletea mama lilifunguka ndani ya begi, safari nzima. Mashati yamegandana. Soksi zimekuwa pipi. Dada alifungua mlango, akanikumbatia, tukanatana. Ikabidi tubanduane taratibu, majirani wakitazama kutoka ngazini.

Mama yuko chumba cha mbele, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Amepungua. Pete ya ndoa imehamia kidole gumba, na hata huko inacheza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, Kijiko. Hilo ndilo jina langu la utotoni, kwa sababu ya kulamba vijiko vya jikoni. Sasa nina mvi. Nina wanafunzi wa udereva wanaoniita Mwalimu. Humu ndani bado ni Kijiko.

Dada amenieleza hali ilivyo. Tangu atoke hospitali, mama anadonoa tu. Daktari amepiga marufuku chumvi na vitu vya kukaanga, kwa sababu ya presha. Alhamisi atapimwa uzito kliniki. Kama haujapanda, watamlaza tena. Na mama ameshasema: hospitali harudi, heri afie kwenye kiti chake.

Anayempikia ni shemeji, mume wa dada. Fundi bomba! Anarudi kazini, anavua mabuti, ananawa mpaka viwikoni, anachemsha kuku na viazi na karoti, anaviponda mpaka viwe supu laini. Kisha anamlisha mama polepole huku akimsimulia mabomba yaliyopasuka mjini. Leo mama alikula nusu bakuli. Dada akasema mama amejaliwa mtoto wa kiume uzeeni.

Mtoto wa kiume ni mimi. Nilikuwa nimekaa pale pale.

Nilichukia. Kisha nikaona haya kwa kuchukia. Kisha nikachukia tena.

Nimepata wazo.

Jumamosi, 7 Juni

Niliishi mji huu miaka mingi kabla ya kuhamia kwangu. Asubuhi nilimwambia dada kwamba naujua kama kiganja changu. Nikapotea kabla sijafika sokoni. Pale palipokuwa na ofisi yetu ya udereva wameweka mzunguko wa magari. Niliuzunguka kwa miguu, nikauzunguka tena, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Nilikuwa natafuta mkahawa wa Bibi Kikaango. Mama alikuwa akitupeleka pale tukiwa wadogo, mwisho wa mwezi, kula samaki wa kukaanga. Sijawahi kumwona mama akila kwa raha kama alivyokula pale. Nikajiambia, akimwonja yule samaki tu, hamu itarudi. Supu ya karoti itajua haijui.

Mkahawa haupo. Pana duka la mapazia. Muuzaji hakuwahi kusikia habari za samaki. Aliniuliza dirisha langu lina upana gani.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nilinunua samaki kwa mkaangaji wa kwanza niliyekutana naye, mtu aliyemwaga chumvi kama anayepanda mbegu. Nikamwomba anifungie kwa karatasi ya kaki, kama alivyokuwa akifunga Bibi Kikaango.

Bahati ikanisimamia. Shemeji alikuwa kazini, dada anaanika nguo juu ya paa. Nilimwekea mama sahani magotini. Akauliza samaki huyu nimemtoa wapi.

"Kwa Bibi Kikaango," nikasema. "Na amekusalimia sana."

Mama alinitazama kwa muda. "Kumbe. Hajambo?"

Nikasema hajambo, amezeeka kidogo tu. Mdomo huu! Sijui nani huutuma.

Akala. Akala ubavu mmoja, akageuza, akala wa pili, akalamba vidole. Nilikaa mbele yake nikimtazama anavyotafuna na machozi yakanilenga. Mtoto wa kiume amerudi!

Ulibaki ushahidi: kichwa na mfupa wa mgongo. Pipa la taka liko jikoni, na dada hulikagua kama askari wa barabarani. Nikavitumbukiza chooni, nikavuta maji. Vikaenda. Nikajiona nina akili.

Jioni supu ya shemeji ilionjwa kijiko kimoja, kwa adabu. Shemeji akarudisha bakuli jikoni. Nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 8 Juni

Mama ameamka na miguu imevimba. Kichwa kinazunguka. Dada alimpima presha kwa kile kimashine cha mkononi, akatazama namba, akajiziba mdomo. Akampa dawa, akampandisha miguu juu ya mito. Akamuuliza jana alikula nini.

Mama akasema, "Supu."

Dada akamgeukia mumewe. Alisema maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli, ila alikosea mtu. Kwamba daktari alisema nini kuhusu chumvi. Kwamba mama ni mmoja tu. Kwamba kama kazi ya kupika imemchosha angesema mapema. Shemeji akaenda kuionja supu iliyobaki, akasimama jikoni akifikiri, akarudi. Akasema labda mkono uliteleza. Akainama mbele ya kiti cha mama akamwomba radhi.

Mkono wake haukuteleza popote.

Mimi nilikuwa mezani na kipande cha mkate mdomoni. Ningeweza kukitema niseme. Nilikitafuna. Nilikitafuna mpaka kikaisha ladha, kisha nikakimeza, kikashuka kama jiwe.

Baadaye nimeosha vyombo vyote bila kuombwa. Dada akanisifu, tena mbele ya mumewe. Akasema angalau nyumba hii ina mtu mmoja mwenye mikono ya kuaminika.

Sikuweza kula chakula cha mchana. Nilikula baadaye.

Jumatatu, 9 Juni

Mama amepata nafuu. Choo kimeugua.

Asubuhi nilivuta maji, badala ya kushuka yakapanda. Nikayajua yale maji. Nikajua yanataka kusema nini. Shemeji ameshaenda kazini, dada yuko kwa mama. Nikaona nikizibue mwenyewe, mambo yaishie hapo. Nilitumia mpini wa fagio. Ukavunjika. Nikatumia kipande kilichobaki kutoa kipande kilichovunjika. Vikabaki ndani vyote viwili.

Maji yakamwagika mpaka kwenye korido. Dada akaja na matambara. Akasema niache, mwenye kazi yake anakuja. Nilimsihi asimsumbue mtu kazini. Akanitazama kwa upole, akasema nina huruma mno.

Shemeji akaja na waya wake mrefu. Akapiga magoti. Akatoa kipande cha fagio, akatoa kingine. Akauzungusha waya tena, akavuta. Ukatoka mfupa wa mgongo wa samaki, mzima, miiba imesimama kama kitana. Nyuma yake kikafuata kichwa.

Tulikuwa wawili tu mle chooni. Alimtazama samaki. Samaki alinitazama mimi. Kisha shemeji naye akanitazama, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Alitazama kama mtu aliyepata mahali bomba linapovuja.

Dada akauliza kutoka koridoni ni nini kilichokwama.

"Uchafu wa kawaida tu," shemeji akasema. Akauvingirisha ule mfupa kwenye gazeti, akautia mfukoni mwa ovaroli yake, akarudi kazini.

Sijaweza kumtazama usoni. Kwenye chakula nilitazama shati lake. Lina vifungo vya aina mbili.

Jumatano, 11 Juni

Kesho ni kliniki. Shemeji anapika supu huku dada amemsimamia kichwani, kila kitu kinaonjwa kabla ya kuingia sufuriani. Mwanaume mzima anafanya mtihani jikoni kwake, kwa kosa langu. Leo nilikusudia kusema. Nilifika mpaka mlango wa jikoni. Dada akauliza nataka nini, nikasema chai.

Basi nikafikiri hivi: kama uzito wa mama utapanda kesho, hatalazwa. Asipolazwa, dada atafurahi. Dada akifurahi, shemeji atasamehewa. Akisamehewa, mimi nitakuwa nimelipa bila kusema neno. Kinachotakiwa ni uzito tu. Na uzito ni uzito, mizani haiulizi umetoka wapi.

Nimeona kisanduku cha vyombo vya shemeji chini ya ngazi. Kina spana nzito kweli kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Nataka kuandika upesi kabla sijabadilisha mambo kichwani.

Asubuhi nilimvisha mama koti mwenyewe. Dada alifurahi kuona ninavyomjali. Spana moja mfuko wa kulia, nyingine mfuko wa kushoto, ndogo mbili kwenye mfuko wa ndani. Mama akasimama, akayumba, akasema, "Koti hili limenenepa kabla yangu." Nikacheka peke yangu. Shemeji alikuwa akipekua kisanduku chake, amechelewa kwa mteja ambaye jiko lake limejaa maji. Mwishowe akampigia simu kumwomba asubiri, akasema atusindikize kwanza.

Kliniki imejaa. Watu kwenye mabenchi mpaka mlangoni. Jina la mama likaitwa, nikamshika mkono mpaka kwenye mizani. Muuguzi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, mama avue koti.

Nikasema mama husikia baridi. Muuguzi akasema ni dakika moja tu. Nikasema hata dakika moja ni nyingi kwa mtu wa umri ule. Muuguzi akalivua mwenyewe, mkono ukamshuka mpaka gotini. Akalitundika kwenye msumari. Msumari ukatoka na kipande cha ukuta.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Spana zilianguka moja moja, ya mwisho ikateleza sakafuni mpaka miguuni kwa shemeji. Benchi zima likageuza shingo. Mtoto mchanga aliyekuwa akilia akaacha. Shemeji akainama, akaiokota, akaipangusa kwa kiganja.

"Ndiyo hii niliyokuwa naitafuta," akasema.

Dada alianza na jina langu lote, la kwanza na la baba na la babu. Hakufika mbali. Mama alikuwa bado juu ya mizani, miguu mitupu, ameshika bega la muuguzi.

"Mwache," akasema mama. "Na wewe mwombe mumeo radhi. Hakuweka chumvi kwenye supu. Nilikula samaki."

Akanigeukia. "Bibi Kikaango nilimzika mimi, Kijiko. Nilikuwa mstari wa mbele makaburini. Ukaniletea salamu za marehemu."

Mtu kwenye benchi alicheka, akajifanya anakohoa.

Nilimuuliza kwa nini basi alikula.

"Ulivyokaa ukinitazama," akasema. "Hivyo hivyo nilikuwa nikikutazama wewe utotoni ukigoma kula. Mtu akikutazama namna ile, utafanyaje? Unakula."

Muuguzi akasoma mizani. Bila koti, bila spana, uzito umepanda. Kidogo tu, lakini umepanda. Daktari akasema halazwi, waendelee na supu ile ile, ya mtu yule yule.

Dada alimwomba mumewe radhi kule kule kwenye mabenchi, akilia. Mimi niliomba nje, karibu na bomba la kunawia. Nilisema yote: samaki, mkate niliotafuna, fagio, kuchukia. Shemeji alisikiliza huku akikaza lile bomba lililokuwa likidondoka. Akasema, "Choo kimeshazibuka, shemeji. Yamekwisha." Akaenda kwa mteja wake.

Nimelia kidogo. Watu walidhani nimefiwa.

Jumapili, 15 Juni

Nipo nyumbani kwangu tangu jana. Njiani niliapa. Sitasema uongo tena, sitashindana tena na mtu mwema, sitajivika sifa isiyo yangu. Nilijisikia mwepesi.

Asubuhi jirani alikuja kuniuliza hali ya mama. Nikamwambia ameongezeka uzito, anakula supu. Akauliza supu ya nani. Swali dogo namna hiyo! Nilifungua mdomo kusema ya shemeji. Nikajisikia nikisema, "Ah, nilijaribu jaribu pale jikoni."

Jirani akashika kifua. Akasema mumewe naye ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo, hakuna kinachopita, na alikuwa amekata tamaa. Akauliza kama ningeweza, kwa hisani yangu. Nikasema kesho mchana nitamletea.

Nimempigia simu shemeji. Nikamwambia nataka kuandika ile supu kwa ajili ya kumbukumbu ya familia. Alifurahi, maskini. Alieleza kila kitu kwa uvumilivu, kuku, viazi, karoti, moto uwe mdogo, uponde vikiwa vya moto. Kwa bahati mbaya nilikuwa nafikiria nipeleke kwa bakuli gani, lile jeupe au lenye maua. Mwisho akasema kuna jambo moja kubwa kuliko yote, iwapo siku moja itapikiwa mtu mwenye tumbo bovu, akasema, "Kamwe usiweke..." Simu ikakatika.

Usiweke nini? Ningempigia tena, lakini nimeona haya kumsumbua, na amenitendea mengi.

Nitaweka vyote vilivyomo jikoni kwangu, kidogo kidogo.

Bakuli ni lile lenye maua.