Pembe ya Tatu ya Crisanto

Duniani kuna watu wawili wanaowajua vyura wa pembe. Wa kwanza ni Crisanto Ledesma. Wa pili, kwa maneno ya Crisanto Ledesma, bado hajazaliwa!

Kwa hiyo mvua za Novemba zilipowafukua vyura matopeni, na Dakta Noemí Bustos, mtafiti wa vyura, akafika kijijini Pozo del Tuerto kutoka mji wa Córdoba akitafuta mtu wa kumwongoza vichakani msimu mzima, Crisanto hakulala. Aliitaka kazi ile kufa na kupona. Tena alitaka na chura mmoja apewe jina lake!

"Daktari," alianza, wakinywa mate, ile chai chungu ya Waargentina, uani kwa mama mkwe wake, doña Hermelinda, "yule chura wa nyika za Pampas ni wa kijani, mwenye madoa, anajiona kweli kweli. Wa kwetu Chaco ni wa kahawia, hana makuu. Lakini huyu sasa!"

Akafunua ndoo. Lo! Katikati ya vile vipembe viwili vya juu ya macho, ilisimama pembe ya tatu.

Daktari akainama, akavaa miwani. "Hivi viwili ni ngozi tu, laini. Hii mbona ngumu?"

"Ni dume hilo, Daktari!"

"Usimguse, we Crisanto!" akafoka doña Hermelinda. "Huyo akiuma haachii, na sumu yake inaua farasi!"

"Aa, mama, hayo mambo ya vibibi! Mimi ni mtu wa sayansi."

Mtu wa sayansi akapeleka kidole kuipapasa pembe. Sasa, chura yule nusu yake ni mdomo, na nusu nyingine ni tumbo linalousubiri mdomo. Kwap!

"Mamaaa!" Crisanto akauzunguka uwanja mara tatu, chura ananing'inia kidoleni, kuku wanatawanyika. Sayansi yote ilimtoka. "Nakufa! Niitieni padri!"

Padri alikuwa mbali, mwendo wa siku nzima. Ikabidi atubu kwa waliokuwepo.

"Mama mkwe, nisamehe! Kiatu chako cha misa hakikuchukuliwa na mbwa! Nilikikata mimi, nikambandika chura pembe kwa ulimbo! Na yule kuku wako mweupe hakuliwa na mbweha..."

"Aliliwa na nani?" akauliza doña Hermelinda, taratibu.

"Alikuwa mtamu, mama!"

Doña Hermelinda akaingia jikoni, akatoka na siki, akamdondoshea chura mdomoni tone moja. Chura akaachia pale pale. Crisanto akajilaza chini, akafumba macho, akangoja mauti.

"Mama, umejifunza wapi hiyo?" Daktari akashangaa. "Msimu huu una nafasi ya kuniongoza?"

"Ninayo."

"Na wewe, Crisanto, inuka. Chura huyu hana sumu. Utaishi."

Crisanto akafumbua jicho moja. Mama mkwe alikuwa amesimama juu yake, ameshika kile kiatu cha misa kilichobaki.

"Daktari," akanong'ona, "una hakika hana sumu hata kidogo?"