Maski ya Mwanga na Vinywa Arobaini

Jumatatu, 3 Juni
Moyo unaruka! Bosi anastaafu Ijumaa. Kiti cha mkuu wa studio ni changu au cha Lenzi, mpiga picha mwenzangu, anayevaa miwani ya jua hata ndani. Mtihani ni picha ya harusi ya binti yake Bosi. Gauni limemezwa na mwanga, jeupe pe, nakshi haionekani hata moja. (Aliyepiga ni mimi. Tusifike huko.) Bosi kasema atakayeirudisha nakshi ndiye mrithi. Lenzi akasema ni kazi ya siku tatu. Mimi nikasema kesho! Sijui pa kuanzia. Mdomo umeshaponza kichwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa! Inaitwa maski ya mwanga. Kompyuta inachagua palipong'aa tu, penye giza haipagusi. Nikapunguza mwanga kidogo. Ua likachungulia. Nikapunguza tena. Vipepeo! Nani alijua gauni lina vipepeo? Nikacheza mpaka kiti kikaanguka. Mke wangu akapiga simu, akauliza kama nimelewa. Nikamwambia nimelewa ukuu. Akasema basi Mkuu arudi na sabuni.

Lenzi alipita akanishauri nikague picha nzima. Pale nisipotaka paguswe, alisema, nipake brashi nyeusi kwenye maski. Husuda hiyo! Akufukuzaye hakuambii toka. Sikukagua kitu.

Jumatano, 5 Juni
Nimeichapisha, urefu wa mlango. Nimeitia fremu, nimeifunika kitambaa. Macho yangu hayajatoka kwenye gauni. Shemeji yangu ameanza kuniita Mkuu. Nilimwomba mwenyewe, lakini ameitikia haraka sana.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Ukoo mzima ulikuja, wote arobaini waliomo pichani. Kitambaa kikashuka. Vigelegele! Nikainama kwa madaha. Nyanya yake bibi harusi akasogea, akarekebisha miwani, akauliza nani amewalisha wajukuu zake majivu.

Meno! Siku ile wote walikuwa wakicheka, meno yanang'aa sawa na gauni, na maski ikayachagua yote. Vinywa arobaini vya kijivu! Bibi harusi akaangua kilio. Nilitamani ardhi inimeze. Aliyefurahi ni mjomba wake tu: upara wake uliokuwa uking'aa umepata kivuli, anasema nywele zinarudi, anataka nakala mbili. Bosi akaniuliza kama nilizitazama nyuso. Nikajibu kwamba nyuso hazikuwa na tatizo. Lenzi akakaa kwenye kompyuta, akapaka brashi nyeusi jino baada ya jino. Saa moja tu, kicheko kikarudi.

Ijumaa, 7 Juni
Lenzi ndiye mkuu. Bosi alinishika mkono, akasema kwa upande wa gauni nilijitahidi. Imeniuma, nisijidanganye. Nililia chooni kama dakika mbili.

Dakika ya tatu, nikaliona kosa. Maski haina hatia, jamani! Wenye kosa ni waliocheka. Nikatoka mbio, nikanawa uso, nikampigia mwalimu wa kwaya anayetafuta mpiga picha. Waimbaji sitini, majoho meupe pe, wanataka wapigwe wakiwa katikati ya wimbo. Kazi nimepewa! Nimemwagiza awaambie wote waimbe kwa nguvu zao zote, midomo imefumbwa.