Joka Lililouliza Siku Niliyozaliwa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya joka la plastiki, mama yangu mzazi, na Wamarekani wasiopungua mia. Nawaandikia kwenye kundi letu nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho, kabla binti yangu Neema hajawasimulia watoto wenu. Bora msikie kwangu.

Mnajua leo ni Mwaka Mpya. Mnajua pia kwamba kwa wengi wetu tuliopita kambi za wakimbizi, leo ni siku ya kuzaliwa. (Hapa Mesquite tukikutana ishirini baada ya misa, kumi na watano tumezaliwa tarehe moja Januari. Makarani waliotuandikisha walikuwa na haraka.) Kwenye karatasi zangu leo nimetimiza miaka arobaini na mmoja.

Sasa. Neema ana miaka tisa. Alipokuwa na sita alirudi kutoka shule akaniuliza siku niliyozaliwa ilikuwaje. Wenzake wana picha, wana uzito, wana saa na dakika. Mimi nina kadi ya mgao wa chakula kambini. Niliona aibu kumwambia mwanangu kwamba sijui. Basi nikatunga. Nikamwambia nilizaliwa alfajiri ya Mwaka Mpya, kengele za kanisa zikilia, radi ikipiga bila mvua. (Radi niliiongeza mwaka uliofuata.) Mtoto akaamini. Akaandika insha, ikabandikwa ukutani darasani. Ningeibandua vipi?

Leo tukaenda bustani ya michezo, mimi, Neema na mama. Mke wangu yuko zamu hospitali. Kuna sehemu wameigeuza nchi ya majoka: mapango, moshi, hata wauza soda wamevaa ngozi. Pale wanauza yai. Yai la plastiki, ukubwa wa papai, lina taa na mtambo ndani. Wanaliingizia jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, halafu ukipita nalo vitu vinakujibu. Taa zinawaka. Chemchemi inakurushia maji. Na siku yako ya kuzaliwa, joka kubwa la mlangoni linakutaja jina.

"Andika ya Baba," Neema akamwambia muuzaji. "Today is his birthday!"

Nikatabasamu. (Nilipaswa kukimbia.)

Mama akaligeuzageuza lile yai. "Hili linaliwa?"

"Hapana, Mama. Hili ni la kuongea na joka."

"Mm," akasema, akakaza kitenge chake.

Tukafika kwa joka. Yai likawaka mkononi mwangu. Ngoma! Moshi! Joka likainua kichwa, likaunguruma: "ANTONIIII!" Mama akapiga ishara ya msalaba. Msichana mmoja mwenye kipaza sauti, mtunza joka, akanivuta hadi jukwaani akanivika taji. Kumbe mwenye siku yake lazima alisimulie joka habari ya kuzaliwa kwake.

Neema alikuwa mstari wa mbele, amejaa fahari. Ningefanya nini? Nikasimulia, kwa Kiingereza. Alfajiri, kengele, radi. Watu wakaguna kwa mshangao. Nikanogewa. Nikasema majogoo wote wa kijiji waliwika kwa pamoja. (Majogoo walikuwa wapya. Sijui walitoka wapi.)

Ningeshuka hapo ningekuwa salama. Lakini mtunza joka akamwona mama. "Yule ni mama yako?" akaniuliza. "Si alikuwepo siku hiyo!" Makofi yakapigwa, mama akapandishwa jukwaani. Mama hajui Kiingereza. Katika yote niliyosema hakuwa ameelewa hata neno moja.

Na mkalimani wa mama ni Neema. Kliniki, benki, kila mahali. Nilimfundisha mwenyewe: "Ukimtafsiria Bibi kwa daktari, usiongeze, usipunguze. Utamfanya apewe dawa siyo." Mtoto kashika.

"Bibi," Neema akasema, "wanauliza siku Baba amezaliwa ilikuwaje."

Nikamkonyeza mama. Nikamkonyeza tena. Mama akaniuliza, kipaza sauti kikiwa mdomoni, "Una nini jichoni?"

Neema akatafsiri.

Mama akakohoa. "Huyu? Huyu nilimzaa mchana, jua la utosi, mwezi wa sita. Nilikuwa navuna maharage. Nikamlaza kwenye kikapu, nikamalizia mstari."

Neema alitafsiri yote. Kwenye mwezi wa sita sauti yake ilishuka, lakini hakuruka neno.

"Na kengele?" mtunza joka akauliza.

"Kengele ya wapi? Kanisa lilikuwa mwendo wa nusu siku."

"Na radi?"

"Kiangazi kile?"

"Na majogoo?"

Mama akafikiri kwa haki kabisa. "Jogoo tulikuwa naye mmoja. Tulikuwa tumeshamla."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Joka nalo likatoa moshi. Na mama hakuwa amemaliza! "Tena si arobaini na mmoja. Huyu ana arobaini na mitatu. Karani wa kambi alimwona mfupi, akampunguzia miwili."

Nikamtafuta Neema kwa macho. Yeye hakucheka.

Tukakaa kwenye benchi. Taji bado kichwani.

"So ulinidanganya," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa sijui siku yangu. Niliona aibu."

Nikamgeukia mama. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Sikuwahi kumwuliza. Nilidhani amesahau, na kwamba kumwuliza ni kumrudisha kule kambini. Yeye alidhani nimeipenda keki ya Januari, akaniachia.

"Bibi, tarehe ngapi?" Neema akauliza.

Mama akanitazama kwa huruma. "Baba yako anaitwa nani?"

"Antoni."

"Basi."

Siku ya Mtakatifu Antoni. Tarehe kumi na tatu Juni. Mama hajawahi kumpa mtoto jina bila kuangalia kalenda ya kanisa, nami miaka yote nilidhani nimerithi la mjomba. Na kila mwaka, siku hiyohiyo, anapika maharage na ndizi, joto la Texas likiyeyusha lami, na kunilazimisha nile wa kwanza. Mwaka jana nilimwambia, "Mama, hakuna chakula kingine?" Nikaagiza piza. Akanitazama nikiila, akafunika sufuria.

Nililia pale benchi, sifichi. Na taji langu.

Neema akanifuta kwa mkono wa sweta yake. Kisha akachukua yai, akaenda dukani kubadilishiwa tarehe. Tulipopita tena, joka halikutikisika: siku yangu bado.

"In June tunarudi, Baba," akasema. "Ila utasimulia ya kikapu. It's better kuliko ya radi."

Sasa, ninyi mliokuja kwenye sherehe yangu ya miaka arobaini mkacheza mpaka visigino vya viatu vikang'oka: ile ilikuwa ya arobaini na miwili. Samahanini sana. Tarehe kumi na tatu Juni karibuni maharage. Na atakayenicheka, namtuma Neema kwa mama wa huyo anayecheka, akaulize mwanawe alizaliwa lini.