Kinyozi wa Lindamiri

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Saa nne asubuhi. Vichwa nilivyonyoa tangu nifungue: hakuna. Vichwa vilivyoingia kwa Iqbal ng'ambo ya barabara: kumi na kimoja. Nilihesabu huku najifanya nafuta kioo. Iqbal amefunga televisheni mpya, kubwa kama mlango. Anaonyesha marudio ya mechi huku anamwekea mtu taulo la moto usoni. Mimi nina redio, na redio yenyewe inashika stesheni moja.

Mama Kashindye alikuja saa tano. Yeye ndiye mwenye fremu ya saluni ninayopanga, na chai na maandazi anauzia hapo hapo barazani kwangu. Nikampa shikamoo mbili, maana uso haukuwa mzuri. Alisema benchi langu likiwa tupu na chai yake inadoda. Alisema amenivumilia vya kutosha. Jumapili hii jioni, asipoona watu wanaonyolewa kwenye benchi, fremu anampa Gladness, mtoto wa dada yake, auzie mitumba. Miaka kumi na moja niko hapa Mkuyuni! Nimezeekea kwenye kioo hiki.

Mchana akaingia Maige wa bodaboda, mtu wa Magu, kwa sababu tu kwa Iqbal kulikuwa na foleni. Ili asichoke nikaanza kumsimulia mji. Sijui ulitoka wapi. Nadhani ni zile filamu za kutafsiriwa za kwenye kibanda cha video. Mji unaitwa Lindamiri. Uko juu ya mlima wa mawe, mawe makubwa yamebebana kama haya yetu ya Mwanza, na nyumba zimepandishwa juu yake mpaka kwenye mawingu. Wakazi wake ni maelfi. Warefu, masikio yamechongoka, na mtu wa miaka mia tatu bado anaitwa kijana. Nikafika pale geti la mji linagongwa na hakuna anayejua ni nani. Nywele zikaisha. Nikanyamaza, nikamkung'uta shingo, nikamwambia karibu tena.

Saa kumi Maige karudi. Anataka kunyolewa ndevu. Maige hana ndevu.

Nimepata dawa ya Iqbal.

Jumanne, 5 Agosti

Benchi limejaa mpaka wengine wamekalia ndoo. Maige ametangaza kijiweni kote. Geti limefunguliwa, na aliyekuwa anagonga ni mbuzi, maana usiku kucha sikupata wazo jingine. Hawakujali. Nikawatolea Mzee Aurendo, miaka mia tisa na kumi na miwili, mlinzi wa kisima cha mji. Nimempa kikohozi, na tabia ya kuhesabu watu kabla ya kula. Wamempenda papo hapo.

Maswali sasa. Mwalimu Agutu, mstaafu, alitaka kujua maji yanapandaje mlimani bila pampu. Dorotea, fundi cherehani wa fremu ya pili, aliuliza wanawake wa kielfi wanasukia nywele juu ya masikio au nyuma yake. Mwingine akauliza kuhusu mboga, sato au sangara. Nikasema wanakula majani na asali. Benchi zima likaguna. Maige akasema watu wanaokula majani na bado wanaringa, hao ni watani wa Wasukuma, hakuna mjadala. Likapita bila kupingwa. Mimi mwenye mji sikuulizwa.

Mama Kashindye kafikia birika la tatu. Ameniita mwanangu.

Jumatano, 6 Agosti

Benchi limejaa. Walionyolewa ni wawili tu. Nikachunguza. Kumbe wananyolewa kwa Iqbal, halafu wanavuka barabara kuja kunisikiliza mimi! Mmoja uso wake bado ulikuwa unatoa mvuke wa taulo. Na Mama Kashindye alisema wanaonyolewa, hakusema wanaokaa.

Nikatoa sheria: hadithi inakwenda mashine ikiwa inanguruma. Mwalimu Agutu, ambaye ana kipara tangu hajastaafu, akaketi kwenye kiti akaagiza nimnyoe. Nimenyoa hewa dakika ishirini. Maige amekaa kwa mara ya nne tangu juzi. Kichwani hamna kitu tena, ikabidi nihamie kwenye nyusi. Alisema endelea tu, fundi.

Jioni akaja Iqbal mwenyewe, taulo begani. Akaomba kwa adabu kama anaweza kukaa. Nikamsogezea ndoo, nikajiona mkubwa. Alisikiliza ameshika shavu. Aliuliza kikohozi cha mzee kilianza lini. Televisheni yote ile, na bado kaja kukalia ndoo yangu! Nimemshinda.

Alhamisi, 7 Agosti

Televisheni ya Iqbal imezimwa. Anasimulia Lindamiri. Yangu!

Maige ndiye aliyeniambia, bila aibu, kwamba amesikiliza kote kuwili. Kwa Iqbal maelfi wanakula pilau, na Mzee Aurendo ameozeshwa mke wa pili, binti wa miaka mia mbili. Dorotea anasema hao wa pilau wanaaminika zaidi. Nilikasirika mpaka nikamkwaruza Mwalimu sikio. Kidogo tu, lakini amelifunga bandeji.

Nimekaa nikafikiri. Jibu likaja lenyewe: mzee afe. Bila mzee hakuna kisima, bila kisima hakuna mji, na Iqbal atabaki na pilau lake hana pa kulipeleka. Na kesho ni Nane Nane. Watu wa Magu na wa Nansio wote wako mjini, watajaa kuuliza imekuwaje, na kuuliza ni lazima ukae kwenye kiti.

Saa kumi jioni nikamuua. Mvua inanyesha, mawe yanateleza, mzee anapanda na ndoo ya maji kumpelekea mtoto mgonjwa. Kikohozi kinambana pale pale kwenye ukingo. Basi. Nilisimulia vizuri mno, hata mimi nilijisikia.

Cherehani ya Dorotea ilisimama. Mwalimu Agutu alivua kofia. Mama Kashindye alifunika birika. Nikadhani ndiyo sifa zenyewe, nikainama kidogo kushukuru.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nimefika saa moja asubuhi, mashine imetiwa mafuta, shati limepigwa pasi. Mbele ya fremu kuna turubai. Wanawake wako kwenye mikeka. Mama Kashindye kajifunga khanga kiunoni, anakoroga sufuria kubwa. Nikauliza kwa sauti ndogo nani katutoka. Dorotea alinitazama kana kwamba nimemtukana. Akasema Mzee Aurendo.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Si kwamba wamerukwa na akili, wanajua kabisa kuwa ni hadithi. Ila wanasema mzee wa namna ile hawezi kuondoka hivi hivi bila mtu kukaa chini, na leo ni sikukuu, watu wapo, turubai lipo.

Saa tatu wakafika watani. Maige na wenzake wanne, wamevaa masikio ya maboksi, wanakohoa kama marehemu. Wamekamata mashine yangu, mkasi na kioo, kama watani wanavyokamata vitu msibani, na huwezi kugomba. Maige kalala kwenye kiti changu. Yeye ndiye maiti, na maiti imesema haizikwi mpaka ipewe kuku. Ikapewa. Ikasema na kachumbari.

Wageni wa Nane Nane walikuja kweli, tena wengi, nywele zimejaa. Wakaona turubai, wakatoa pole, wakaenda kutafuta vinyozi kwingine. Na Mwalimu Agutu ametangaza kwamba mpaka matanga yaanuliwe, hapa hanyolewi mtu. Nikachungulia ng'ambo nione Iqbal anavyofaidi wateja wangu. Amefunga. Mlangoni kabandika karatasi: tumepata msiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Kamati imekaa. Mwenyekiti ni Mwalimu Agutu. Mimi sikuwekwa hata kwenye ulinzi wa viti.

Mwalimu amesoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka 1113 katika kitongoji cha Lindamiri Juu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo. Alihudumu kisimani kwa uadilifu miaka mia nane bila likizo. Ameacha mjane, Bibi Selaleni, na watoto kumi na saba. Mimi sikuwahi kusimulia mtoto hata mmoja. Iqbal akanyoosha mkono akasema ni kumi na tisa, kuna wawili wa mke mdogo. Wakabishana. Wakaandika kumi na tisa.

Ndipo likaja la chanzo cha kifo. Mwalimu akauliza mvua ililetwa na nani. Wote wakanigeukia. Nikasema ile ilikuwa hali ya hewa. Akauliza na jiwe linaloteleza je.

Baadaye Mama Kashindye akasimama kutoa neno lake. Alisema alimpenda mzee kwa kule kuhesabu watu kabla ya kula, ili asilale mtu na njaa. Babu yangu kule Shirati alikuwa hivyo hivyo. Alituhesabu kwa kidole, anakohoa, na hakuna aliyegusa ugali mpaka afike kwa mdogo wa mwisho. Alifariki mimi niko huku Mwanza nanyoa watu, sikuwahi kwenda kumzika. Nililia mbele ya watu wote. Nilimkumbuka sana. Waliokaa nyuma wakaambiana afadhali, sasa anajuta.

Mama Kashindye alinipa kikombe cha chai na leso. Halafu akanikumbusha kuwa kesho ndiyo Jumapili, na benchi la msiba yeye halihesabu.

Jumapili, 10 Agosti

Leo matanga yameanuliwa. Na nilivyo mjinga, nilisahau desturi ya huku kwetu ziwani, mimi kinyozi mzima: matanga yakianuliwa, wafiwa wananyolewa. Wote!

Baada ya ibada foleni imetoka mlangoni kwangu, imepita kwa Dorotea, imefika bombani. Hata wale wa Nansio waliokosa kivuko wamo. Watani wamerudisha mashine, inanuka kachumbari lakini inanguruma. Nikamwita Mama Kashindye aje ajionee kwa macho yake. Watu wanaonyolewa, kwenye benchi, siku ya Jumapili! Nikaweka kitana mfukoni, nikaita wa kwanza.

Mwalimu akaninyang'anya mashine. Alisema aliyesababisha kifo hanyoi wafiwa, haijapata kutokea. Nikauliza basi ananyoa nani. Nikaona kundi linapisha njia. Iqbal anavuka barabara na mashine zake tatu na beseni la taulo za moto.

Na anayetangulia kunyolewa ni mfiwa mkuu. Nikauliza ni nani huyo. Ni mimi. Nikaketi kwenye kiti changu mwenyewe, mbele ya kioo changu mwenyewe, Iqbal akaninyoa kipara. Ana mkono mwepesi, na sitaki kuandika zaidi ya hapo. Alipofika kisogoni aliinama akaniuliza polepole, kaka Otuoma, mzee aliteseka? Nikamwambia hapana, ilikuwa ghafla. Akashukuru. Akasema marehemu baba yake naye alikuwa na kikohozi kama kile.

Amenyoa mpaka alasiri. Dorotea alikatwa kishungi kimoja tu, akasema kwa mzee kinatosha.

Jioni Mama Kashindye akatoa uamuzi. Chai imekwisha, sukari imekwisha, maandazi hakuna hata makombo. Alisema mtu anayeweza kujaza watu namna hii kwa ajili ya mzee ambaye hayupo, huyo hafukuzwi. Fremu inabaki kwangu! Sharti ni moja: Gladness atatundika mitumba yake nje, ukutani. Ameshaanza. Koti la kwanza limefunika jina la saluni.

Jumatatu, 11 Agosti

Saa nne asubuhi. Vichwa nilivyonyoa: hakuna. Vichwa vilivyoingia kwa Iqbal: hakuna.

Nimesimama mlangoni nikatazama barabara yote. Vipara. Bodaboda vipara, wauza ndizi vipara, mzee wa miwani kipara. Hakuna unywele wa kunyoa kuanzia bombani mpaka sokoni. Iqbal naye alikuwa amesimama mlangoni kwake. Tukapungiana mkono.

Mama Kashindye amelitazama benchi, amenitazama mimi, amelitazama benchi tena. Gladness ameniuliza upana wa fremu ni hatua ngapi. Ameuliza tu, anasema.

Akapita Maige, akaulizia hali ya mjane. Nikasema Bibi Selaleni hajisikii vizuri tangu juzi. Lilinitoka tu. Maige akazima pikipiki. Akaketi kwenye benchi.

Saa sita Dorotea kaleta uji wa mgonjwa kwenye hotipoti. Nimeupokea kwa niaba yake. Una karanga, mtamu sana. Mwalimu ametuma kuuliza kama kamati ianze kukaa. Iqbal kavuka barabara anataka kujua saa za kumwona mgonjwa, na kama miguu imevimba.

Nimechukua kalenda. Nywele zinahitaji wiki tatu kurudi kichwani. Kwa hiyo Bibi ataugua wiki tatu kamili, atafariki Jumatatu ya tarehe mosi Septemba, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mbele ya watoto wote kumi na tisa. Safari hii hakuna mvua wala jiwe. Ni homa tu, na homa hawawezi kusema nimeileta mimi. Nitawanyoa mwenyewe, wote, hata wale wa mke mdogo.

Mashine nimeshaitia mafuta.